gh, glab au skripti ya curl: tutumie ipi kupanga ishu na PR zilizorundikana?

Lanet_Dev (Nakuru): Wadau, ripo (hifadhi ya msimbo) ya mfumo wa chama cha maziwa imejaa ishu (ripoti za matatizo na maombi) na PR (mabadiliko ya msimbo yanayosubiri kukubaliwa). Kufikia Ijumaa lazima tuchague zana moja ya terminali ambayo timu yote itatumia kuzipanga. Mmoja anataka gh (zana ya GitHub), mwingine anataka curl (hutuma maombi ya wavuti) na jq (huchambua majibu ya JSON). Mnasemaje?

Kondele_T (Kisumu): Umeleta dawa tuchague, mgonjwa umemwacha nyumbani. Ripo iko kwenye tovuti gani, GitHub au GitLab? Ishu ngapi? Timu ina ruhusa gani?

Mama_Regex (Kakamega): Kama ni GitHub, gh, tusizunguke. Ila `gh issue list` hutoa 30 tu usipoweka `--limit`, halafu mtu anatangaza kazi imebaki ishu 30. Anza na zisizo na lebo, kongwe kwanza:

`gh issue list --search "no:label sort:created-asc" --limit 200`

Ukishazisoma, weka lebo kadhaa kwa mpigo:

`gh issue edit 41 57 63 --add-label inahitaji-maelezo`

Lebo iundwe kwanza kwa `gh label create`, la sivyo amri inakataa. Kwa PR: `gh pr list --search "draft:false review:none status:success"`. Zilizopita majaribio na hazijaguswa na mtu ndizo za kusoma asubuhi.

Dunga_Kodi (Kisumu): gh ni uvivu. curl iko karibu kila seva, na unaona kinachotumwa.

Mama_Regex: Unaona, lakini unahesabu vibaya. Kwenye API ya GitHub (mlango ambao skripti huombea data), `/issues` huleta na PR. Bila `select(.pull_request == null)` hesabu ni ya uongo. Ukurasa una 100 mwisho, kwa hivyo kurasa uzifuate mwenyewe. Ukisahau tokeni (ufunguo wa kukutambulisha), una maombi 60 kwa saa badala ya 5,000.

Dunga_Kodi: Hiyo ni mistari minne ya skripti.

Lurambi_Git: Zana haiwaponzi watu, mpangilio wa hatua ndio unaowaponza. Kuna mradi uliotaka kufunga ishu zilizokaa kimya mwaka mzima. Siku ya kwanza waliziwekea lebo zote. Siku ya pili wakatafuta kwa `updated:<` na tarehe, wakapata sufuri, kwa sababu kuweka lebo kwenyewe husogeza tarehe ya ishu. Badala ya kutafuta kwa lebo waliyokuwa wameweka, aliyekuwa zamu akaondoa kichujio cha tarehe na kupitisha `gh issue close` kwa kila iliyo wazi. Hakukuwa na `sleep` (pumziko kati ya amri), kila ishu ikibeba maoni, kwa hivyo GitHub ikamzuia katikati: maandishi mapya yana kikomo cha takriban 80 kwa dakika. Nusu zimefungwa, nusu wazi, na kila aliyefuatilia ishu amepata barua pepe. Kuzifungua upya ikawa moja moja, maana siku hiyohiyo kuna zilizofungwa kihalali. Orodha hutolewa kwanza: `--json number --jq '.[].number' > orodha.txt`. Mtu wa pili aisome, kisha kitanzi chenye `sleep 2` kifuate.

Lanet_Dev: Ziko kama 640, GitHub. Ila moduli ya malipo iko GitLab. Na wawili kati yetu wana ruhusa ya kusoma tu.

Kondele_T: Hilo ndilo lingekuwa sentensi ya kwanza! Kwa GitLab ni glab: amri zinafanana na za gh, ila PR huitwa `mr` (merge request), na hapo pia chaguo-msingi ni 30. Mwenye kusoma tu hawezi kuweka lebo kwa zana yoyote. Kama ripo ni ya shirika, wape ruhusa ya Triage: wataweka lebo na kufunga ishu bila kusukuma msimbo. Kama iko kwenye akaunti ya mtu binafsi, hakuna Triage. Kule GitLab, ruhusa ya Reporter inatosha kwa lebo za ishu.

Mama_Regex: Na anayefanyia kazi kwenye foku (nakala yake ya ripo) aendeshe `gh repo set-default` kabla ya chochote, asije akapanga ishu za foku.

Dunga_Kodi: Hizo lebo mnaziandika Kiswahili? Mchangiaji wa nje atajuaje "hitilafu" ni nini?

Lurambi_Git: Kuna sehemu ya maelezo kwenye lebo. `gh label create hitilafu --description`, andika humo unachotaka.

Dunga_Kodi: Nani husoma maelezo ya lebo?

Lanet_Dev: Kwa hivyo gh *na* glab? Niliomba zana moja.

Kondele_T: Hamishia hiyo moduli GitHub basi.

Dunga_Kodi: Au curl.