Naomba ushauri: tuokoeje bwawa letu la zamani la kuogelea, Lubumbashi?

Ndugu na wazazi, hapa mtaani kwetu Lubumbashi kuna bwawa la wazi la kuogelea lililojengwa enzi za Wabelgiji, ambalo halijatiwa maji kwa miaka mingi, na sasa mwenye kiwanja anataka kulibomoa ajenge maduka. Humo ndimo nilimojifunza kuogelea, marehemu baba akinishika kiunoni. Vigae vya buluu bado vipo ukingoni, ingawa mwembe umeota penye ngazi. Inaniuma sana.

Huko Penzance, Uingereza, bwawa la mwaka 1935 liliharibiwa na dhoruba mwaka 2014, likafunguliwa tena mwaka 2016, kisha wakazi wakanunua hisa katika ushirika unaoliendesha. Tangu 2020 sehemu yake hupashwa joto kutoka ardhini. Sisi fedha hizo hatuna, lakini tunayo sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za kitamaduni.

Je, barua ya kuomba bwawa liorodheshwe kama mali ya kitamaduni ianzie kwenye komine (utawala wa sehemu yetu ya mji) au mkoani? Saini za majirani zitakuwa na uzito, au tumtafute mwanasheria kwanza? Tafadhali nijibuni mapema, kwani mabati ya kuzungushia kiwanja yameshaletwa.