Mrejesho: tulingoja wiki ya 39

Mama na dada zangu, aksanti sana. Niliuliza hapa kama nikubali kupasuliwa ili nijifungue wiki ya 37 ya mimba, kabla bwana yangu hajarudi kazini Kamituga, ama ningoje 39. Huu ulikuwa upasuaji wangu wa pili.

Tulingoja. Daktari alichukua ekografia (ile picha ya mtoto tumboni) ya miezi ya kwanza akahesabu nayo tarehe, maana hedhi yangu hupotea-potea. Akasema mapafu ya mtoto huendelea kukomaa hadi wiki za mwisho. Anayetolewa mapema bila uchungu anaweza kuhema kwa shida. Lakini alinionya: uchungu ukianza kabla ya siku, nije mara moja, kovu la zamani si la kuchezea. Kwa hiyo begi lilikaa mlangoni, vitenge viwili na sabuni ndani, na jirani yetu wa Kadutu mwenye gari alijua.

Bwana aliondoka. Niliumia, sitaficha. Mama mkwe ndiye aliyenisindikiza, saa kumi na mbili asubuhi, sijala kitu tangu usiku.

Msichana, kilo 3.1. Alilia hata kabla hawajamfuta. Baba yake aliisikia ile sauti kwa simu.