Mjadala: Konsoli za klasta katika vyuo vya umma Mombasa ziwe mikononi mwa nani?

Fundi wa Tudor
Waungwana, klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, imenunuliwa kwa pesa za umma, lakini nodi (kompyuta moja ya kundi hilo) ikianguka mtafiti hana la kufanya ila kumsubiri fundi. Mimi nasema apewe konsoli, njia ya kuiona na kuiamuru nodi moja kwa moja. Keneli, kiini cha mfumo endeshi, ikianguka kabisa (kernel panic), SSH, ile njia ya kuingia kwa mtandao, hufa papo hapo, na ujumbe wa mwisho mara nyingi hauwahi kufika kwenye diski. Mara nyingi huonekana kwenye konsoli tu, kama ile ya siriali. Konsoli hiyo hufikiwa kwa IPMI, itifaki ya kusimamia seva kwa mbali, kupitia sehemu yake iitwayo SOL (Serial over LAN). Weka nywila kwenye IPMI_PASSWORD, kisha:

`ipmitool -I lanplus -H nodi07-bmc -U jina -E sol activate`

Kutoka ni `~.` Ukiwa umepitia SSH, andika `~~.` la sivyo utakata SSH yenyewe na kikao cha konsoli kibaki kinaning'inia.

Binti Kisauni
Kaka, hapo pa kuning'inia pana shida. SOL hubeba kikao kimoja tu kwa kila nodi. Mwenzako akikiacha wazi, wewe unakataliwa mpaka mtu apige `sol deactivate`. Lakini hilo dogo. IPMI 2.0 ina udhaifu CVE-2013-4786: BMC, kile kikompyuta kidogo ndani ya kila seva, humpa anayebisha hodi hashi ya nywila kabla hata hajathibitishwa, naye huenda kuivunja kwa nafasi yake. Kiraka hakuna, ndivyo itifaki ilivyoandikwa. Mlango wa UDP 623 ubaki kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) ya mafundi. Tena anayeweza kuandika kwenye konsoli husubiri nodi iwake, akabonyeza `e` kwenye GRUB (programu inayowasha mfumo) isiyo na nywila, akaongeza `init=/bin/bash`, akawa root, mwenye mamlaka yote.

Mzee wa Mikindani
Wanangu, kusoma si kuandika. Wekeni ConMan, programu ya kusimamia konsoli, kwenye seva ya lango: yenyewe hushika kile kikao kimoja saa zote na kuandika kila kitu kwenye logi. Mtafiti atazame kwa `conman -m nodi07`, atoke kwa `&.`

Na keneli ipewe `console=tty0 console=ttyS1,115200n8`. Ujumbe wa keneli huenda kwenye zote mbili, ila ya mwisho ndiyo inayokuwa `/dev/console`, inakoenda ujumbe wa huduma zinapowaka. Mkiandika ttyS0 mahali pa ttyS1, skrini itanyamaza baada ya GRUB. Kasi isipolingana na ya BIOS, mtaona herufi za ovyo. Wanaotaka waya za RS-232 kwa kila nodi wakumbuke hewa ya chumvi ya hapa inavyokula pini.

Binti Kisauni
Shikamoo mzee. ConMan naiunga mkono, ila `-m` ni hiari ya anayeunganisha, haimzuii kuandika. Wapewe faili ya logi kwa ruhusa ya kusoma tu, watumie `tail -f`.

Fundi wa Tudor
Kusoma nakubali. Na nodi ikiganda Ijumaa usiku?

Binti Kisauni
Skripti moja ya sudo (ruhusa ya kuendesha amri hiyo tu kama root) ya kuzima na kuwasha, iangalie `squeue`, orodha ya kazi za Slurm inayopanga foleni, kwanza kama nodi ni ya mwombaji, tena ameichukua nzima kwa `--exclusive`. Asipoichukua nzima, ataangusha kazi ya mwenzake.