Nitahakikishaje kwamba anayenikodishia vila ya Diani ana haki ya kuikodisha?

Mama Pacha, Kasarani

Hamjambo nyote. Tunapanga kukaa Diani juma la Krismasi pamoja na wakwe zangu na watoto, na nimepata vila ya vyumba vitano yenye bwawa la kuogelea kwa bei iliyo karibu nusu ya nyingine zote nilizoziona eneo hilo. Tangazo liko kwenye tovuti inayojulikana, lakini aliyelitoa alinihamishia upesi WhatsApp, akasema nikimtumia nusu ya kodi kwa M-Pesa ataniondolea ada ya tovuti, na kwamba kuna familia nyingine inayotaka jibu kabla ya jioni. Ameniletea picha, nakala ya kitambulisho na mkataba wenye muhuri. Fedha hizi ni za mchango wa jamaa, na Pwani hatuna mtu wetu. Nikiwa hapa Nairobi, nihakikishe nini kabla ya kulipa?

Mhasibu, South B

Mama, nakusihi usitume hata shilingi moja nje ya tovuti hiyo. Airbnb, kwa mfano, huishikilia fedha ya mgeni na kumwachilia mwenye nyumba takriban saa 24 baada ya wakati wa mgeni kuingia, ili ukifika ukakuta hakuna nyumba uwe na mahali pa kudai. Anayekuomba ulipe pembeni anakuondolea kinga hiyo, hata akiiita punguzo.

Muhuri haunitulizi, kwa kuwa hapa mjini mtu yeyote huchongewa muhuri. Kitambulisho nacho huenda ni cha mteja mwingine aliyetapeliwa kabla yako, ndiyo maana nawe usimpe nakala ya chako. Ukiingiza namba yake kwenye M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana kabla hujakamilisha muamala. Likitofautiana na lililo kwenye mkataba, ghairi hapo hapo. Hata akikupa namba ya till, yaani ya kulipia biashara kwa M-Pesa, yenye jina la biashara, hilo linaonyesha tu kwamba till imesajiliwa, wala halithibitishi kwamba vila ni yake.

Msimamizi wa nyumba, Ukunda

Nakubaliana na Mhasibu, ila ningependa kuongeza jambo ambalo wengi wa Nairobi hawalitarajii: mara nyingi nyumba yenyewe ipo. Desemba iliyopita familia ilishusha mizigo langoni usiku, watoto wamelala garini, baba akamwonyesha askari picha za sebule ile ile iliyokuwa nyuma ya lango, mpaka mito ya makochi, ilhali ndani kulikuwa na wageni wengine waliolipa kwa njia halali. Kwa hiyo kumtuma mtu aitazame nyumba hakutoshi, kwa sababu swali ni kama huyo anayepokea fedha anajulikana pale.

Mwombe akupigie simu ya video akiwa barabarani, aingie langoni bila kukata, amsalimu mlinzi kwa jina, kisha afungue bomba la jikoni na akuonyeshe mita ya stima. Pia mwombe namba ya leseni kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa maana vila za wageni ziko chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, pamoja na kibali cha biashara cha Kaunti ya Kwale, kisha uziulizie wewe mwenyewe katika ofisi husika, si kwa namba za simu anazokupa yeye.

Mpiga picha, Ngara

Ziweke picha zake kwenye Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana nazo mtandaoni. Zikitokea kwa jina jingine la nyumba au katika mji mwingine, huna haja ya kuendelea.

Mama Pacha, Kasarani

Asanteni sana. Nilipomwomba simu ya video alisema mtandao wa huko ni mbaya, kisha akapunguza bei tena, nami nikaacha na kuiarifu tovuti. Lakini shemeji yangu aliwahi kumtumia mtu kama huyu amana. Je, lipo la kufanya?

Mhasibu, South B

Kama ni leo, aupeleke ujumbe mzima wa muamala kwa 456, namba ya kuomba fedha ya M-Pesa irejeshwe, mara moja, maana fedha ikishatolewa kurejeshwa kwake ni kugumu sana. Namba ya tapeli airipoti Safaricom kupitia 333, kisha aende kituo cha polisi apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa kuwa ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Mazungumzo ya WhatsApp asiyafute hata kama yanamuudhi. Ayapige picha pamoja na tangazo kabla halijaondolewa, kwa sababu afisa atayahitaji.