Nahama na paka: nimfungie chumba kimoja au nimwachie azunguke?

BintiMzizima: Wakuu habari za jioni. Mwisho wa mwezi nahama na paka wangu lazima niende naye. Wengine wananiambia nikifika nimwachie tu azunguke azoee, wengine wanasema nimfungie chumbani kwanza. Na kumbeba je, kiroba, boksi au tenga? Nishaurini jamani nisije nikampoteza.

Seremala_TZ: Dada mbona hujasema la maana? Unatoka wapi unaenda wapi? Dume au jike? Amehasiwa? Huko kuna fensi?

MamaNassor: Chumba kimoja mwanangu. Paka nyumba anaijua kwa harufu, kwa hiyo kile kitambaa anacholalia usikifue, kiweke hivyo hivyo. Beseni la mchanga kona hii, chakula kona ile, hali karibu na choo chake. Ukiona anakula vizuri na anatembea mkia juu, fungua mlango azunguke ndani. Nje asubiri hata wiki mbili tatu.

Kaka_Temeke: Paka ni wa nyumba, sio wa mtu. Mwachie jirani, kapate mwingine huko.

BintiMzizima: Simwachi, nimemlea tangu hajafumbua macho. Natoka Mbagala naenda Kibaha, dume, hajahasiwa. Fensi hakuna.

Mzaramo_Halisi: Usimtoe siku ya kushusha vyombo! Mama mdogo alihamia Chanika, paka kamweka kwenye boksi la sabuni kalifunga kwa kamba, wamefika kirikuu kinashusha, vijana wanaingia na kabati wanatoka, milango yote wazi, boksi lenyewe chini limeshalowa mkojo, paka kasukuma kapita chini ya uvungu wa gari hao tukamwona mgongo tu. Tumemwita usiku na tochi, tumetingisha kopo la dagaa, tumeuliza majirani hata hawatujui. Hajaonekana mpaka leo na mama mdogo akikumbuka bado analia.

Seremala_TZ: Pole sana. Ndo maana nasema tenga la plastiki la kuku, funga mlango kwa waya, juu tupia khanga asione magari. Kiroba hapana, joto litamuua. Na asile masaa machache kabla ya safari, atatapika.

Juma_wa_Duka: Mpe nusu panadol alale njia nzima.

MamaNassor: Juma usimfundishe mwenzio kuua! Panadol kwa paka ni sumu, hata kidogo inammaliza. Dawa ya kumtuliza aulize daktari wa mifugo.

Seremala_TZ: Na akifika akikataa kula kutwa nzima apelekwe huko huko kwa daktari, paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaharibika. Pia mhasi, la sivyo atazurura na kukojolea kuta.

Kaka_Temeke: Kumhasi ni kumwonea, kiumbe kaumbwa hivyo.

MamaNassor: Na madume yanayorudi masikio yamechanika kila wiki, hayaonewi?

BintiMzizima: Nani anamjua daktari wa kuhasi paka karibu na Maili Moja?

Mlandizi_Boy: Samahani natoka nje ya mada, huyo dume anakamata panya? Huku wamenimalizia mahindi, na sumu naogopa kuweka, paka wa jirani akila panya wa sumu naye anakufa.

BintiMzizima: Anakamata sana. Mahindi umeweka kwenye nini, magunia?