Naomba ushauri: mtu wa miaka 27 aulinde vipi ubongo wake?

Mjukuu wa Kwanza
Nawasalimu wakuu. Nina umri wa miaka 27 na ninafanya kazi ya uhasibu jijini Dar es Salaam. Bibi yangu mzaa mama ameanza kupoteza kumbukumbu kwa kiasi cha kututia hofu: humwita mama kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, na mboga moja huitia chumvi mara tatu kwa kuwa hakumbuki kwamba ameshaitia. Ofisini kuna mwenzetu anayeuza vidonge vya virutubisho, kopo moja shilingi 85,000, akidai vinasafisha ubongo na kumkinga mtu asifikwe na hali hiyo uzeeni. Mimi hukesha na simu hadi saa saba usiku, huamka saa kumi na moja, na asubuhi na jioni hupanda bodaboda kwenda na kutoka kituo cha mwendokasi. Je, vidonge hivyo vina maana yoyote? Kama havina, nianze na lipi?

Mzee wa Pwani
Mjukuu, kusahau ni uzee tu. Kula, lala, na uache kujitafutia maradhi ya watu wa miaka 80.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo mzee wangu, ila hapo naomba nitofautiane nawe. Demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni ugonjwa, wala si kila mzee huupata. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo iwapo vihatarishi 14 vingedhibitiwa, vikiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi, upweke, majeraha ya kichwa na upungufu wa kusikia. Baadhi yake hujengeka miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza, na ndiyo maana suala hili linamhusu kijana.

Dada, vidonge usinunue. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba virutubisho vya aina hiyo humkinga mtu mwenye afya. Usingizi haumo katika vile 14, lakini saa nne kwa usiku ni chache mno kwa mtu mzima, anayehitaji saa saba au zaidi, na athari yake utaiona kwenye hesabu zako za kesho kabla hujaiona uzeeni. Kuwa na bibi mgonjwa hakumaanishi kwamba nawe utaugua. Ila yeye apelekwe hospitali, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au hata baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu unaotibika.

Dereva wa Kijiweni
Mimi nitazungumzia bodaboda tu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Abiria wengi, hasa akina dada waliotoka kusuka, huikataa kofia ngumu kwa sababu inanuka jasho la watu na inaharibu nywele, na wanaoikubali huiweka kichwani bila kufunga mkanda, ilhali kofia ya namna hiyo huchomoka kabla kichwa hakijagusa lami. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Nunua yako, vaa kitambaa chepesi ndani yake, na dereva akikuharakisha, mwambie asubiri ufunge mkanda. Hela ya lile kopo itatosha, na pengine chenji itabaki.

Mpiga Muziki
Naongezea masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ukiwa na hedifoni ndani ya gari lenye kelele, utazidisha bila kujua.

Mjukuu wa Kwanza
Nashukuruni sana. Kofia nitanunua wiki hii. Muuguzi, je, presha nipime sasa au nisubiri nifike miaka 40?

Muuguzi wa Zamu
Pima sasa, kisha angalau mara moja kwa mwaka, kwani mara nyingi presha haina dalili. Nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa. Ukifika kituo cha afya, kaa kimya dakika tano, miguu ikanyage sakafu, mkono uegemee meza usawa wa moyo. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, usianze dawa kwa kipimo kimoja: rudi siku nyingine upimwe tena.