Nimpandishe kijana wa ndani au nichukue wa nje? Nimekwama wakuu

Wakuu habari. Nasimamia idara yenye stoo, supavaiza wa stoo kaacha kazi na bosi kaniambia nipendekeze jina kabla ya ijumaa. Ndani nina kijana ana miaka sita humo, anajua mpaka mizigo inayorudishwa na wateja inarundikwa kona gani na kwa nini hesabu ya kompyuta haifanani na ya kwenye rafu. Shida hajawahi kuongoza hata mtu mmoja, na hao atakaowaongoza ndo anapiga nao stori kutwa. Wa nje CV imeshiba, kasimamia stoo kubwa kuliko yetu, ila anataka mshahara mnono kuliko wa aliyeondoka. Bosi anaimba tu "tulete damu mpya". Nisaidieni.

Mchapakazi: Wa ndani. Uzi ufungwe.

MamaHR: Taratibu ndugu. Kuna utafiti wa Matthew Bidwell wa chuo cha biashara cha Wharton, Marekani, wa 2011, aliangalia wafanyakazi wa benki ya uwekezaji, waliotoka nje walilipwa kama asilimia 18 zaidi ya waliopandishwa kwenye kazi zilezile, na bado miaka miwili ya mwanzo tathmini zao zikawa chini. Ila walikuja na elimu na uzoefu zaidi, na waliovumilia hiyo miaka miwili wakapanda vyeo haraka. Kwa hiyo jiulize kama una muda wa kumsubiri azoee.

Kinyozi wa Hoja: Mbona IBM, ile kampuni ya kompyuta, mwaka 1993 walimchukua Lou Gerstner awe bosi mkuu ametokea kampuni ya biskuti na sigara na akainyanyua? Lakini pale nyumba ilikuwa inaungua. Stoo yako inaungua?

Mleta uzi: Hapana mkuu, ni hizo hesabu tu.

Bibi Stoo: Mimi nimekaa stoo muda mrefu, hapo ndo pananikera. Kijana miaka sita anajua hesabu hazilingani, alimwambia nani? Kama alikaa kimya huyo sio kiongozi, ni mzoefu tu.

Mleta uzi: Dah, umenigusa. Nimemuuliza leo, kanionyesha meseji mbili alizomtumia supavaiza, akajibiwa "acha kama ilivyo". Mimi sikuwahi kuziona.

Bibi Stoo: Basi jibu unalo, na hiyo damu mpya ingekuja kuambiwa vilevile acha kama ilivyo.

MamaHR: Bado usimpe cheo kimyakimya, wenzake watasema kabebwa. Tangaza nafasi, wote wawili wafanye intavyuu kwa maswali yaleyale, na kama ni kijana atakayekosa umwite umwambie mwenyewe sababu, asije akazisikia korido maana ataondoka na ujuzi wote huo. Halafu nafasi yake atakaa nani? Hapo ndo wengi mnasahau.

Mleta uzi: Aisee hilo sikuliwaza kabisa. Intavyuu nawapigisha jumatano wote, na bosi nitamkalisha aziangalie zile meseji.

Mchapakazi: Hiyo nafasi ya kijana ikibaki wazi tuambiane mkuu, CV ninayo tayari 😂